Upepo katika Gurudumu: Tairi Lenye Tyubu na Tairi Lisilo na Tyubu

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

  Natumaini kila darasa limekwisha kaa tayari, ubao umefutwa, na chaki iko karibu. Leo nawaomba jambo moja zaidi. Ikiwa mmoja wenu amekuja kwa baiskeli, ailete mlangoni, aigeuze juu chini ili magurudumu yake yaonekane na wote. Baiskeli hiyo ndiyo kitabu chetu cha leo.

Somo letu ni juu ya tairi. Tutajifunza jinsi tairi linavyofanya kazi katika njia za namna mbalimbali: njia ya mchanga, njia ya mawe, njia ya matope, njia ya miba, na barabara ya lami. Tena tutatazama tairi la namna nyingine, lile lisilo na tyubu ndani, ambalo mafundi huliita tyublesi.

Huenda mzee mmoja akauliza: "Mwalimu, haya yatuhusu nini? Baiskeli zetu sisi zina tyubu." Swali jema. Siku hizi baiskeli za milimani zilizokwisha tumika ng'ambo huletwa kwetu na kuuzwa madukani na minadani. Baadhi yake zina matairi ya namna hiyo. Mtu hununua, hufurahi, kisha siku ya pancha fundi hufungua gurudumu, akakuta hamna tyubu, bali maji meupe mazito kama maziwa. Hapo mwenye baiskeli na fundi hubaki wakitazamana. Basi afadhali kujua mapema.

Kisa cha karatasi za mtihani

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa mgeni katika kazi hii ya elimu. Siku moja nilipewa karatasi za mtihani nizipeleke kwa darasa la watu wazima katika kijiji kimoja cha upande wa Dodoma. Nilifunga sanduku juu ya keria, nikaondoka alfajiri. Rafiki yangu alikuwa ameniambia hivi: "Mbele kuna korongo la mchanga. Punguza upepo katika tairi, utapita." Nikapunguza. Kweli, nilivuka korongo lile bila kushuka, nikajiona bingwa.

Lakini baada ya korongo ulikuja mtelemko wa mawe. Pampu nilikuwa nayo, lakini sikuitumia, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Gurudumu la nyuma likagonga jiwe lenye ncha. Nikasikia pss! Upepo wote ukatoka. Nilipofungua, nikaona matundu mawili katika tyubu, yamekaribiana kama alama ya meno ya nyoka. Kiraka nilikuwa nacho kimoja tu. Nikasukuma baiskeli kwa miguu mpaka kijijini.

Nilifika jua likiwa limepita utosi. Darasa lilikuwa tupu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha juma lile, na watu wamesubiri kadiri walivyoweza, kisha wamekwenda mashambani kupanda. Aliyebaki ni bibi mmoja, ameketi kizingitini, daftari mapajani. Akaniambia, "Mwanangu, wenzangu wamekwenda. Mimi nilisema utakuja." Mtihani haukuweza kufanywa kwa mtu mmoja. Ulifanywa baada ya mavuno, miezi mingi baadaye. Wanafunzi wale walikwisha jitayarisha, wakakosa vyeti vyao kwa msimu mzima kwa sababu ya upepo kidogo katika gurudumu.

Nilipeleka baiskeli kwa fundi wa kijiji. Alitazama tyubu, akatazama tairi, akacheka kwa upole. Akaweka kidole juu ya ubavu wa tairi, akasema, "Mwalimu, hapa pameandikwa. Hukusoma?"

Ndugu zangu, niliona haya. Mimi nina diploma ya chuo kikuu, na kwa miaka mingi nilipanda baiskeli ile bila kusoma maneno yaliyokuwa chini yangu. Yule fundi alikuwa amejifunza kusoma katika darasa kama lenu, naye amekwisha pita umri wa miaka 40. Aliniambia kwamba kitu cha kwanza alichosoma, baada ya jina lake mwenyewe, kilikuwa tairi.

Kusoma ubavu wa tairi

Sasa nasi tusome. Mwenye baiskeli apanguse vumbi ubavuni mwa tairi kwa kitambaa chenye maji. Mwanafunzi mmoja asome, mwalimu aandike ubaoni.

Katika baiskeli kubwa za mizigo mara nyingi mtaona namba hizi: 28 x 1½. Maana yake ni kwamba tairi lina kimo cha inchi 28 hivi, na unene wa inchi moja na nusu. Karibu yake huenda mkaona namba nyingine: 40-635. Hizo ni milimita. Namba ya kwanza, 40, ni unene wa tairi. Namba ya pili, 635, ni upana wa duara la ringi, mahali ukingo wa tairi unapokaa. Katika baiskeli nyingi za milimani mtaona 26 x 2.10, au 54-559. Mtu akienda kununua tairi, aiangalie ile namba ya pili ya milimita. Tairi la 559 halikai katika ringi ya 635, hata muuzaji akiapa.

Kisha tafuteni herufi tatu: P, S, I. Mbele yake au nyuma yake pana namba. Herufi hizo zatuambia kipimo cha upepo, yaani paundi ngapi za msukumo katika kila inchi moja ya mraba. Pakiandikwa MAX, hicho ndicho kikomo cha juu: usizidishe. Pakiandikwa MIN, hicho ndicho kikomo cha chini: usipunguze zaidi. Mtengenezaji ameyaandika hayo baada ya kulipima tairi lake.

Neno la mwisho la kutafuta ni TUBELESS. Likiwapo, tairi hilo limetengenezwa liweze kutumika bila tyubu. Mengine huandikwa TR, TLR au UST. Kama hakuna hata moja la hayo, lihesabuni tairi lenu kuwa la tyubu, nalo lisitumiwe bila tyubu.

Hesabu kidogo

Kwa nini upepo una nguvu kiasi hicho? Tupige hesabu. Tuseme gurudumu moja limebeba uzito wa paundi 90, ambao ni kilo 41 hivi. Ukijaza upepo wa paundi 30 kwa inchi ya mraba, gawanya 90 kwa 30. Jibu ni 3. Basi tairi litagusa ardhi kwa inchi 3 za mraba. Ukipunguza upepo mpaka paundi 18, gawanya 90 kwa 18. Jibu ni 5. Sasa tairi lagusa ardhi kwa inchi 5 za mraba. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu ubavu wa tairi nao hubeba uzito kidogo, lakini yatosha kutuonyesha njia.

Twajifunza nini? Upepo ukipungua, tairi hutandaza unyayo wake. Unyayo mpana hauzami upesi mchangani, na hushika vizuri mahali penye changarawe. Mwatazama ngamia: unyayo wake ni mpana, hupita mchangani. Mbuzi ana kwato ndogo ngumu, hupanda mawe. Mwendesha baiskeli mwenye pampu aweza kuwa ngamia mahali pamoja na mbuzi mahali pengine. Mimi siku ile nilikuwa ngamia juu ya mawe.

Asili ya tairi la upepo

Tusimame kidogo tutazame habari za zamani. Mtu wa kwanza kupata hati ya kulinda uvumbuzi wa tairi la upepo alikuwa Robert William Thomson, Mskoti, mwaka 1845. Alilifikiria kwa ajili ya magari ya farasi, lakini halikuenea. Kisha John Boyd Dunlop, Mskoti mwingine aliyekuwa daktari wa mifugo katika mji wa Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa baiskeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe, akapata hati yake mwaka 1888. Matairi ya kwanza yaligandishwa kwenye gurudumu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka 1891 ndugu wawili wa ukoo wa Michelin, huko Ufaransa, walitoa tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa na kurudishwa. Tangu hapo mtu aliweza kuziba pancha yake njiani.

Baiskeli ya milimani ni ya karibuni zaidi. Katika miaka ya 1970, vijana wa California, Marekani, walikuwa wakitelemka mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani zenye matairi mapana. Mmoja wao, Joe Breeze, mwaka 1977 aliunda baiskeli iliyokusudiwa hasa kwa kazi hiyo. Mwaka 1996 mashindano ya baiskeli za milimani yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta. Mwaka 1999 kampuni tatu za Ufaransa, Mavic, Michelin na Hutchinson, zilitoa ringi na matairi ya milimani yanayofungana bila tyubu. Baadaye matumizi yake pamoja na maji ya kuziba matundu yakaenea sana.

Tusisahau pia kwamba kuna magurudumu yasiyohitaji upepo kabisa. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu hubeba mizigo mizito kwa chukudu, chombo cha mbao ambacho magurudumu yake ni mbao iliyovikwa ukanda wa mpira. Hakipati pancha. Lakini kila jiwe la volkeno lililo njiani hufika mikononi mwa mwenye kukisukuma. Upepo ndio mto wetu wa kukalia. Twaulipia kwa pancha.

Jinsi tairi lisilo na tyubu linavyofanya kazi

Katika gurudumu la kawaida, tyubu ndiyo inayoshika upepo, na tairi ni ngozi ya kuilinda. Katika gurudumu lisilo na tyubu, tairi na ringi ndizo zinazoshika upepo. Ili jambo hili liwezekane, vitu vinne vyahitajiwa.

Kwanza, ringi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ina kidaraja ndani ambapo ukingo wa tairi hukaa na kubana sana. Pili, utepe maalum wa kuziba matundu ya spoki, upepo usipitie humo. Tatu, valvu, yaani kile kijibomba cha kutilia upepo, yenye mpira wa kubana tundu lake katika ringi. Nne, yale maji meupe. Mengi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira uliochanganywa na chembe ndogo ndogo. Gurudumu likizunguka, maji hayo hutapakaa ndani. Mwiba ukitoboa tairi, upepo huyasukuma maji mpaka kwenye tundu, nayo hugandamana na kuziba. Mara nyingi mwenye baiskeli haoni kitu ila doa jeupe juu ya tairi.

Faida yake ni nini? Tundu dogo hujiziba lenyewe. Tena, kwa kuwa hamna tyubu ya kubanwa kati ya jiwe na ringi, mtu aweza kutumia upepo mdogo zaidi. Watu wengi wanaopanda baiskeli za milimani zenye tyubu hujaza paundi 30 hadi 40. Wasio na tyubu hujaza paundi 20 hadi 28 hivi, kufuata unene wa tairi na uzito wa mtu. Kwa hiyo tairi hushika ardhi vizuri, na mikono haichoki upesi.

Njia tano

Sasa twende njiani, tukilinganisha matairi yote mawili.

Njia ya kwanza ni ya mchanga. Hapa kitu kikubwa ni unene wa tairi na uchache wa upepo. Tairi pana lisilo na tyubu hupita vizuri, maana laweza kutumia upepo mdogo bila hofu. Tairi lenye tyubu nalo hupita likipunguzwa upepo, bali lijazwe tena kabla ya kufika kwenye mawe. Tairi jembamba la inchi moja na nusu huzama hata ukifanya nini. Hapo shuka, usukume.

Njia ya pili ni ya mawe. Tairi lenye tyubu lahitaji upepo wa kutosha, ili jiwe lisifike kwenye ringi. Lakini upepo ukizidi, gurudumu huruka-ruka na kuteleza. Tairi lisilo na tyubu hulainika juu ya jiwe na kushika. Hata hivyo lina adui wawili. Adui wa kwanza ni jiwe lenye makali, linalochana ubavu. Mchano mrefu hauzibwi na maji yale. Adui wa pili ni upepo mdogo kupita kiasi. Ringi hugonga jiwe ikapinda, au tairi husukumwa kando katika kona, ukingo wake ukaachana na ringi kwa dakika moja ya jicho, upepo ukatoka kwa kishindo. Ni kama tairi limepiga mbweu.

Njia ya tatu ni ya matope. Hapa kuwa na tyubu au kutokuwa nayo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni meno ya tairi. Meno marefu yaliyoachana hushika, na tope hudondoka gurudumu likizunguka. Meno mafupi yaliyosongamana hujaa tope, tairi likawa laini kama andazi. Tena katika tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata mpaka chini na kushika, ambapo tairi pana huelea na kuteleza. Lakini tope la udongo mweusi wa mfinyanzi halina tairi. Hilo hujaza uma na breki mpaka gurudumu lisizunguke. Beba kijiti cha kukwangulia.

Njia ya nne ni ya miba. Hapa ndipo tairi lisilo na tyubu linaposhinda. Wote tunaijua mbigili, ile itambaayo chini, yenye mbegu za miba. Ukiitupa vyovyote, mwiba mmoja hutazama juu. Tyubu yaweza kupata matundu kumi kwa asubuhi moja. Tairi lenye maji ndani hupokea miba hiyo na kuendelea na safari. Mwiba mrefu wa mgunga ni shida zaidi, lakini mara nyingi nao huzibwa, ukizungusha gurudumu mpaka tundu lielekee chini, maji yakalifikia. Kwa sababu hii, katika nchi kavu za miba, wageni wengi wanaosafiri kwa baiskeli hupendelea matairi haya.

Njia ya tano ni ya lami. Hapa tairi la meno makubwa hulia na kumchosha mtu, liwe na tyubu au lisiwe nayo. Lami yataka tairi la meno madogo na upepo mwingi, bila kupita kikomo kilichoandikwa. Mtu anayekwenda kazini kila siku kwa lami tupu hana haja kubwa ya kuondoa tyubu.

Gharama na hatari

Nimesifu, sasa nionye.

Maji yale meupe hukauka. Katika hali ya kawaida hudumu miezi michache, na katika joto kali hukauka upesi zaidi. Yakikauka, tairi halina tena mlinzi, nawe hujui mpaka siku ya mwiba. Kwa hiyo hayana budi kuongezwa mara kwa mara, nayo ni ya fedha, tena katika vijiji vingi hayapatikani. Msidanganyike kutia gundi ya kawaida wala maziwa ya ng'ombe.

Jambo la pili: kulikalisha tairi katika ringi kwahitaji upepo mwingi kwa ghafula. Pampu ndogo ya mkono mara nyingi haiwezi. Fundi hupaka maji ya sabuni ukingoni, kisha hutumia mashine ya upepo kama zile zinazojaza malori. Tairi likikaa husikika mlio, pa! Hapa pana hatari. Mashine ya malori ina nguvu nyingi mno kwa tairi la baiskeli. Mtu asiyetazama kipimo aweza kulipasua tairi, likamwumiza uso na mikono. Jaza kidogo kidogo, pima, usipite namba iliyoandikwa kwenye tairi wala ile iliyoandikwa kwenye ringi.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Msiondoe tyubu katika baiskeli ya kawaida ya mizigo mkidhani mmepata tyublesi. Ringi yake haikutengenezwa kushika ukingo wa tairi bila tyubu. Gurudumu likiwa na gunia juu yake, mtelemkoni, tairi laweza kuchomoka. Hapo si pancha tena, ni kuvunjika shingo.

Basi tufanye nini?

Mwenye baiskeli ya mizigo ya kawaida, abaki na tyubu yake. Anunue tairi nene kadiri uma wa baiskeli unavyoruhusu. Ajaze upepo kwa namba iliyo ubavuni, azidi kuelekea kikomo cha juu anapobeba mzigo. Abebe viraka zaidi ya kimoja. Nilijifunza hilo kwa miguu yangu.

Mwenye baiskeli ya milimani yenye ringi za tyublesi, naye anakaa nchi ya miba, tena aweza kupata maji yale mjini, atumie bila tyubu. Lakini siku zote abebe tyubu moja ya akiba. Tairi likichanika, atoe valvu, atie tyubu, aende zake.

Na mtu aliyenunua baiskeli ya namna hiyo, asiweze kupata maji yale? Asiitupe wala asiiuze kwa hasara. Ringi ya tyublesi hupokea tyubu bila shida. Lakini sikilizeni sana hapa. Kabla ya kutia tyubu, apanguse maji meupe, kisha apitishe kitambaa ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Miba yote iliyozibwa kwa miezi mingi ingali imo humo, ncha zake zimechungulia ndani. Kitambaa kitanasa juu yake. Ang'oe mmoja mmoja kwa koleo. Asipofanya hivyo, tyubu mpya itatoboka kabla hajafika njia panda, naye atamlaumu fundi bure.

Kazi ya darasa

Redio ikinyamaza, darasa lifanye kazi hii. Kwanza, kila mtu aje mbele ya baiskeli, asome mwenyewe namba zilizo ubavuni mwa tairi, aziandike katika daftari. Asisomewe na mwenzake. Pili, fanyeni hesabu: gurudumu lina uzito wa paundi 120, upepo ni paundi 40, tairi lagusa inchi ngapi za mraba? Na upepo ukiwa paundi 30 je? Tatu, zungumzeni: njia ya kutoka kijijini kwenu mpaka zahanati, au sokoni, ina mchanga wapi, mawe wapi, miba wapi? Chorani ramani yake ubaoni, mwandike mahali pa kupunguza upepo na mahali pa kuujaza. Muuguzi, mwuza maziwa na mwalimu wote hupita njia hiyo. Ramani hiyo itawafaa.

Namalizia na yule bibi. Mtihani ulipofanywa baada ya mavuno, alifaulu. Nilipompa cheti chake, alikisoma chote kwa sauti, neno kwa neno, mpaka jina langu lililokuwa chini. Kisha akatoka nje, akainama karibu na baiskeli yangu, akasoma namba za tairi. Akanigeukia, akauliza, "Leo umejaza?"

Nilikuwa nimejaza.

Kwaherini, ndugu zangu. Tutaonana tena katika somo lijalo.